Mchezo wa Nyoka na Upendo wa Kwanza

Mchezo wa Nyoka, uliotengenezwa na Taneli Armanto kwa simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, hauna hadithi wala rangi. Sisi wa Ntobeye tuliupenda kwenye simu za vitochi. Simu janja zilipofika, tukauona umepoa. Lakini uzuri wake haujapungua. Nyoka asipogonga ukuta, huuawa na urefu wake mwenyewe, alioupata kwa kula. Tukiucheza tena kwa kuangalia kila kona, bila kukimbiza alama, utamu hurudi.

Ndivyo Kanisa la Efeso lilivyoagizwa katika Ufunuo 2: likumbuke, litubu, lirudie matendo ya kwanza. Halikupewa imani mpya. Wapendwa, sala ya jioni haijachakaa, sisi tumeizoea. Tuisali polepole, neno kwa neno.