Mwas hakuungama

Filamu ya Nairobi Half Life inaharibika mwishoni, na walioiona wanajua ninakoelekea. Wenzake Mwas, kijana anayeiba vipuri vya magari huku akiota uigizaji, wameuawa, damu haijakauka. Anafika ukumbini, anapanda jukwaani, anashika zamu yake katika mchezo wa kuigiza anaoshiriki, na kabla hatujashusha pumzi ameshatugeukia sisi watazamaji na kutuhoji kuhusu kile tunachochagua kuona na kile tunachokifumbia macho. Basi. Jambazi ameokoka.

Ameokoka kwa lipi? Mwongozaji Tosh Gitonga alikuwa na filamu nzima mkononi, akaamua kuvuka kutoka kwenye risasi hadi kwenye taa za jukwaa kwa mkato mmoja. Katikati ya mkato huo ndipo palipokuwa na toba, na hatukuonyeshwa. Wenye magari walioibiwa wamepita tu mbele ya kamera kama miti ya barabarani. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa neno. Kijana aliyeng'oa taa na vioo vya watu anapewa jukwaa, anapewa mwanga, anapewa maneno ya mwisho, na maneno yenyewe anayatumia kutushtaki sisi.

Mwizi wa Luka 23, aliyesulubiwa pamoja na Yesu, alikuwa na muda mfupi kuliko Mwas, tena mikono yake ilikuwa imepigiliwa. Tazama mpangilio wake: anamkemea mwenzake anayetukana, anakiri kwamba wao wawili wanalipwa walichostahili, ndipo anaomba akumbukwe. Mwandishi yeyote wa miswada angejifunza hapo. Ombi linakuja mwisho kwa sababu kukiri kumelifungulia mlango. Mwas ameanza na kukemea, akaishia papo hapo.

Najua utetezi. Nitaambiwa kwamba adui wa filamu hii ni jiji lenyewe, na kwamba polisi wake ni wabaya kuliko wezi. Hilo ni kweli. Lakini Zakayo naye alikuwa ndani ya mfumo uliooza, akiwatoza ndugu zake ushuru kwa niaba ya Warumi, na hakusimama juu ya ule mkuyu akaihutubia Roma. Alishuka, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kutoka mfukoni mwake.

Mengine katika filamu yametulia. Joseph Wairimu, anayemwigiza Mwas, aliistahili tuzo ya mwigizaji bora kule Durban mwaka 2012, na sikushangaa Kenya ilipoichagua kuwa filamu yake ya kwanza kuwania Oscar.

Zamani walijua kumgeuza adui. Katika Return of the Jedi ya 1983, Darth Vader anamwona mwanawe akichomwa kwa umeme na Mfalme, bwana wake. Anamtazama kijana, anamtazama Mfalme, anamrudia kijana. Barakoa haina macho wala mdomo, kwa hiyo vita vyote vya moyoni vinabaki shingoni. Kisha anamnyanyua bwana wake na kumtupa shimoni, akijua itamgharimu uhai. Hakutoa hotuba. Ikaja Blu-ray ya 2011, George Lucas akapachika pale Vader akipiga kelele za kukataa, mara mbili! Nimelilalamikia hili hadi wasomaji wamenichoka, na nitaendelea. Ni ugonjwa ule ule wa mabanda ya video, kuogopa kimya, ila DJ Afro, msimulizi wa filamu za mabanda hayo, hajawahi kuficha kwamba amekuja kuongea.

Na ile Jesus ya 1979, iliyozungushwa kwenye viwanja vya shule kwa jenereta na shuka jeupe, ina yule mwizi kwa muda mfupi sana. Anakiri, anaomba, kamera inamwacha. Imetosha.

Labda nalikazia hili kwa sababu Eldoret tumeshiba shuhuda. Kila krusedi ina jambazi wake wa zamani. Nusu saa ya bunduki, magari na wasichana, sekunde kumi za wokovu, kisha sadaka. Sijawahi kusikia mmoja akisema alimrudia aliyemwibia. Hapa Uasin Gishu hilo halichekeshi. Kanisa la Kiambaa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, likiwa na watu waliokimbilia humo, na kuna waliochoma na waliochomewa ambao hadi leo wanapanda matatu moja.

Ndiyo maana naiweka Something Necessary ya Judy Kibinge, iliyotoka mwaka mmoja baada ya ile ya Gitonga, juu ya Nairobi Half Life, ingawa waliotazama ni wachache. Joseph, kijana aliyeshiriki zile vurugu, anavutwa na shamba la Anne, mwanamke aliyepoteza mume na nyumba. Kibinge hakumtafutia ukumbi wa wageni wa kumsikiliza. Alimpeleka palipovunjwa.

Gitonga hakuhitaji shamba. Alihitaji dakika moja nyuma ya pazia: Mwas hajaingia, nguo zina damu, muigizaji mwenzake anamuuliza ametoka wapi, naye anajibu ukweli, pamoja na sehemu yake mwenyewe. Halafu apande jukwaani. Maneno yale yale yangetoka kinywani mwa mtu aliyekwisha kujishtaki, na sisi tungeshtakika. Wairimu angeweza. Aliyekisafisha choo cha seli mwanzoni mwa filamu bila kutuomba huruma asingeshindwa na sentensi moja ya kukiri. Hakuandikiwa.