Pongezi kwa Waigizaji wa Vulcan
Wapo wanaodai kuwa kumwigiza kiumbe asiyecheka wala kulia ni kazi nyepesi: uso ukitulia, basi. Leonard Nimoy aliwajibu tangu 1966, alipoanza kuonekana kama Spock, mwenye asili ya sayari ya kubuniwa ya Vulcan, katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek. Watu wa Vulcan hisia wanazo, tena kali, ila wamejifunza kuzitawala kwa mantiki. Hivyo mwigizaji hubeba mawili kwa pamoja, hisia na kizuizi chake. Katika kipindi kimoja cha 1967, Spock, akiamini amemuua nahodha Kirk, anamwona yu hai: anamshika, anatabasamu, anamwita kwa sauti, kisha anajikusanya upesi. Furaha ile ya sekunde chache inatutikisa kwa sababu Nimoy alikuwa ameizuia kwa uaminifu kipindi baada ya kipindi. Mark Lenard naye, akiwa Sarek mzee, baba wa Spock, mwaka 1990, alitokwa na chozi kwenye tamasha la muziki, na watazamaji wakajua anaumwa kabla maradhi yake hayajatajwa.