HER2 tumboni: kipimo kilichobidi kuandikwa upya

Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya ToGA, jaribio lililohusisha nchi 24. Wagonjwa wa saratani ya tumbo iliyosambaa, waliokutwa na kiashiria cha HER2, waligawanywa makundi mawili: kemotherapi pekee, au kemotherapi pamoja na trastuzumabu, dawa inayolenga protini ya HER2. Mediani ya kuishi ilikuwa miezi 11.1 kwa kundi la kwanza na 13.8 kwa la pili. Sifa zikaenda kwa dawa. Mimi naona kazi ngumu zaidi ilifanyika kwenye hadubini.

Kipimo cha HER2 kilitoka kwenye saratani ya matiti. Kipande cha uvimbe huwekewa kingamwili yenye rangi, na seli iliyojaa protini ya HER2 huonekana imezungushiwa pete ya kahawia. Seli za tezi za tumbo haziko hivyo. HER2 yao hukaa kitakoni na ubavuni, na upande unaotazama uwazi wa tezi hubaki bila rangi, kwa hiyo kinachoonekana ni herufi U. Kwa sheria za titi, seli hiyo ingenyimwa alama ya juu, na mgonjwa angekosa dawa.

Ndipo mtafiti Hofmann na wenzake wakachapisha sheria mpya mwaka 2008: pete isiyokamilika ikubalike, na kwenye kinyama (kipande kidogo kinachochukuliwa kwa endoskopi) litoshe kundi dogo la seli zenye rangi, ambalo baadaye lilifafanuliwa kuwa la seli 5. Kiwango hicho ni kidogo, lakini kina sababu. HER2 tumboni hutokea kwa mabaka, na koleo la endoskopi laweza kuangukia pembeni. Ndiyo maana daktari anayechukua kinyama kimoja tu hasaidii. Vitano au zaidi ndivyo vinavyofaa.

ToGA pia iliwaingiza watu wenye nakala nyingi za jeni ya HER2 lakini protini kidogo. Hao hawakunufaika kwa dhahiri. Wenye protini nyingi waliopata trastuzumabu walifika miezi 16.0, dhidi ya 11.8 kwa waliopata kemotherapi pekee. Ajabu iko wapi? Trastuzumabu hushika protini juu ya utando wa seli, haigusi jeni. Ulaya iliidhinisha dawa hiyo kwa wenye protini nyingi pekee.

Na jibu la kipimo halidumu. Baada ya trastuzumabu, baadhi ya uvimbe hupoteza HER2, hivyo kabla ya kuanza dawa nyingine inayolenga protini hiyohiyo, inafaa kuchukua kinyama kipya.