Urefu wa Neno na Urefu wa Rekodi: Juu ya Kuhamisha Msamiati wa Kinyambo

Mwaka 2002 Josephat Rugemalira alitoa msamiati wa Kinyambo, lugha ya Karagwe na ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kazi ya namna hiyo haiishii katika kuchapwa. Maneno yapaswa kuhifadhiwa pia katika kompyuta, na kuhamishwa kutoka mashine moja hata nyingine. Hapo ndipo pana jambo ninalotaka kulikosoa.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona orodha ya maneno ya Kibantu ikihamishiwa kompyuta kuu. Kila neno lilitanguliwa na namba ya urefu wake. Mhudumu, kwa nia njema, aligeuza faili lote kutoka ASCII hadi EBCDIC, pamoja na zile namba. Kosa hilo laonekana dogo. Tuchukue neno abantu: lina baiti sita, basi namba yake ni 6. Jedwali la ugeuzaji halijui kuwa hiyo ni namba. Huidhani alama ya amri, likaigeuza kuwa 46. Kompyuta ikisoma, humeza abantu pamoja na baiti arobaini zisizo zake, na tangu hapo kila mpaka wa neno ni wa uongo.

Yafaa kusoma namba kwanza, kutwaa baiti za neno, kugeuza neno peke yake, kuhesabu upya, ndipo kuandika rekodi. Kuhesabu upya hakuepukiki: vokali yenye alama ya toni, kama á, huchukua baiti mbili katika UTF-8, na moja tu katika EBCDIC ya jedwali 1047. Tena rekodi ya urefu unaobadilika hutanguliwa na baiti nne, na urefu unaoandikwa humo huzihesabu baiti hizo pia: abantu huwa 10, si 6.

Wako wanaoshauri njia ya mkato: tuondoe toni, tuzipe rekodi zote urefu mmoja. Siukubali ushauri huu hata kidogo. Katika Kinyambo toni hubeba maana, na urefu wa vokali vilevile (huu ni urefu wa namna ya tatu, msomaji asichanganye). Kitenzi nacho hurefuka kwa viambishi hata kikazidi safu iliyopimwa kwa nomino. Safu hukata mwisho wa neno, na mwishoni mwa kitenzi cha Kibantu ndimo zilimo kauli za kutendea na kutendesha.

Orodha ile ya ng'ambo iliokolewa na nakala yake ya kwanza, nayo ilikuwa ya karatasi.