Jędrzej Wowro na Yesu Aliyeshika Tama

Sisi waalimu tuna kosa moja ambalo ni vigumu kuliacha. Tukimwona mtu asiyejua kusoma, twasema upesi, “Huyu hakufundishwa.” Leo napenda kuwaelezeni kazi ya mtu mmoja wa namna hiyo, mpate kupima wenyewe kama neno letu ni la haki.

Mtu huyo ni Jędrzej Wowro, mchonga sanamu wa nchi ya Polandi. Wapolandi si wageni kabisa kwetu, maana tangu mwaka 1942 wakimbizi wao kwa maelfu walikaa Tengeru, karibu na Arusha, na makaburi ya waliofia huko yangalipo. Lakini Wowro hakuuona msiba ule. Alizaliwa mwaka 1864 katika kijiji cha Gorzeń Dolny, karibu na mji wa Wadowice, upande wa kusini, penye milima ya Beskidy. Siku zile sehemu hiyo ilitawaliwa na Kaisari wa Austria. Wowro alikuwa maskini, akaishi kwa kazi za kibarua. Ila apatapo nafasi alishika kisu na kipande cha mti, akachonga watakatifu. Hakuwa na mwalimu, wala hakupita katika chuo chochote cha ufundi.

Walakini shule hakuikosa. Katika nchi ile, kwenye njia panda na kando ya barabara, watu huweka vibanda vidogo vya sala, na ndani yake sanamu ya Bwana wetu, au ya Mama Mariamu, au ya mtakatifu fulani. Vibanda hivyo ndivyo vilivyokuwa vitabu vyake. Asiyejua herufi alivisoma tangu utoto, akienda kazini na akirudi, wakati wa jua na wakati wa theluji.

Basi tuitazame sanamu moja ambayo aliichonga mara nyingi. Yesu ameketi peke yake, amevikwa taji ya miiba, kiwiko chake ki juu ya goti na shavu lake limelala kiganjani. Wapolandi wanayo sifa maalum ya Yesu huyo mwenye huzuni. Sisi twaweza kusema kwa maneno mawili tu: ameshika tama. Kwetu mtoto akishika tama, mama humkemea, “Umefiwa na nani?” Kwa hiyo sanamu hiyo haitaki mfasiri.

Wowro hakuibuni sura hiyo. Mafundi wa Ulaya waliijua kwa mamia ya miaka kabla yake. Albrecht Dürer, fundi mkuu wa Kijerumani, aliitia mwanzoni mwa kitabu chake kidogo cha picha za Mateso, kilichochapwa mwaka 1511. Lakini angalieni tofauti. Dürer alijua kila mshipa na kila kiungo cha mwili, na picha yake yaonyesha ujuzi huo. Katika sanamu ya Wowro mwili ni mfupi, nao umekazwa pamoja kama gogo lililotokewa. Kichwa ni kikubwa, na mikono ni mizito kama ya kibarua. Mtu aweza kusema, “Hakujua vipimo.” Mimi naona alivijua vipimo vingine. Kichwa ni kikubwa kwa sababu ndicho kilicholemewa, na mkono ni mzito kwa sababu ndio unaouchukua mzigo huo. Alichopima ni huzuni.

Sisemi kwamba sanamu zake zote ni sawa. Mtu akirudia sura ile ile mara nyingi, mkono huzoea hata kisu huenda bila moyo. Lakini zile zilizo bora zinasimama mbele ya mtu bila kuhitaji kutetewa.

Wowro alipokuwa karibu na miaka sitini, habari zake zilimfikia Emil Zegadłowicz, mshairi aliyekaa kijiji jirani cha Gorzeń Górny. Bwana huyu alimpenda, akamwandika katika mashairi yake, akaeneza jina lake nchini kote. Alitenda jema, tena bila yeye pengine tusingalijua lolote. Hata hivyo nina neno juu ya sifa za namna hiyo. Mabwana wa mjini walipenda kumsifu fundi wa shamba kana kwamba ameota ardhini kama jani, na kazi yake imetoka yenyewe. Sifa hiyo ni tamu, lakini yamnyang'anya mtu jasho lake. Jani halichagui mahali pa kukata. Fundi huchagua, hukosea, hutupa, huanza tena. Anayesema “Hakufundishwa” kwa kudharau, na anayesema vivyo hivyo kwa kusifu, wote wawili hawakuutazama mkono wa mtu.

Wowro alifariki mwaka 1937, naye sifa zile hazikumtoa katika umaskini. Sanamu zake zimehifadhiwa katika nyumba za makumbusho za nchi yake.

Nanyi ndugu, bila shaka kijijini kwenu yupo mzee achongaye vinu au vigoda, asiyeweza kulisoma gazeti hili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nendeni mkamwulize ni vitu gani amevitazama tangu utoto wake; mimi nimekwisha kumwuliza wa kwetu, nami sijamaliza kusikiliza.