Matundu Kwenye Nguo: Jinsi Michael Armitage Alivyouchora Uchaguzi wa 2017

Ukisogea karibu na mchoro wowote mkubwa wa Michael Armitage, jicho lako litashikwa kwanza na matundu. Mengine yameachwa wazi, mengine yameshonwa kwa uzi mnene kama gunia lililopasuka safarini. Mshono unakatiza mahali palipotakiwa kuwa na anga, mkunjo unapanda katikati ya umati. Wachoraji wengi wangeyaziba hayo yote kwa rangi ya msingi kabla ya kugusa brashi. Armitage anayaacha yaonekane. Mada za maonyesho yake, yaani uchaguzi, polisi, hasira za barabarani na miili ya wanawake, kila gazeti la Nairobi lilikuwa nazo. Kilichomtofautisha ni kitambaa alichochorea, muda aliojipa, na watu aliowapa ukuta jirani na wake.

Nianze na kitambaa. Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea uchoraji London, Slade kwanza, kisha shule ya Royal Academy. Lubugo aliikuta Nairobi, sokoni, kati ya vitu vinavyouzwa kwa watalii. Ni nguo ya Waganda inayotokana na gome la ndani la mutuba, mti wa jamii ya mkuyu. Gome huambuliwa msimu wa mvua, na shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba lisikauke. Mti ukitunzwa hutoa gome jipya na kuvunwa tena. Mafundi wa ukoo wa Ngonge, chini ya mkuu wao wa kurithi aitwaye kaboggoza, hulitwanga kwa nyundo za mbao zenye mikato, ndani ya banda lililo wazi pande zote ili unyevu usipotee haraka. Likitwangwa, hulainika na kutanuka likawa shuka, kisha rangi yake hugeuka ya udongo wa chungu. Nguo hiyo huvaliwa wafalme wakitawazwa, na wafu huzikwa nayo. UNESCO ilikwisha kuutambua ufundi huu mwaka 2005 kama urithi wa binadamu wote.

Sasa ipake rangi ya mafuta uone. Turubai la kitani limefumwa. Nyuzi zake zinapishana kwa kipimo kimoja, na brashi huteleza kote kwa namna moja. Lubugo haikufumwa. Penye unene hunywa rangi, penye wembamba rangi hubaki juu, na kwenye mshono brashi huruka. Mchoraji hawezi kuingia na picha iliyokamilika kichwani akaihamishia pale. Armitage hupaka tabaka nyepesi, hukwangua, hupaka tena, na alichokifuta mara nyingi hubaki kikichungulia chini ya kipya. Ndiyo maana sura zake zinaonekana kama zinafika au zinaondoka. Mtu amesimama vizuri, lakini bega lake limeliwa na tundu, na mtazamaji hana budi kulimalizia mwenyewe.

Kuna mtego hapa, na tuuseme. Armitage si Muganda. Mama yake ni Mkikuyu na baba yake Mwingereza. Mnunuzi wa London anaweza kuitazama lubugo akaona muhuri wa Afrika halisi na kuridhika, hata kabla hajauliza kimechorwa nini. Kipimo changu ni rahisi: kitambaa kinampinga mchoraji, au kinampamba? Kwenye baadhi ya michoro yake yenye mandhari ya mimea na maji, kinampamba tu. Wekundu wa gome unakuwa joto la kupendeza nyuma ya kijani. Kwenye michoro ya uchaguzi kinampinga, na hapo ndipo kinapolipa.

Mwaka 2017, kabla ya Wakenya kupiga kura tarehe 8 Agosti, Armitage aliambatana na kikosi cha televisheni kwenye mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru Park. Yaliyofuata yanajulikana: matokeo kutangazwa, Mahakama ya Juu kuyafuta tarehe 1 Septemba, marudio ya tarehe 26 Oktoba ambayo upinzani uliyasusia, na vifo mitaani katikati ya hayo yote. Kamera aliyokuwa nayo jirani ilikuwa na kazi ya jioni ileile. Yeye alirudi kwenye studio, na michoro iliyotokana na mkutano ule iliendelea kutoka hadi 2019, ilipopelekwa kwenye Biennale ya Venice iliyosimamiwa na Ralph Rugoff. Miaka miwili ni mirefu kwa habari. Kwa mchoro ilitosha kumwondolea ulazima wa kuonyesha nani alishinda. Majina ya wagombea yanapungua uzito, na kinachobaki mbele ni watazamaji: waliovaa vituko ili waonekane, waliokwea ili waone, waliokimbia vitoa machozi.

Mchoro wa kusimama nao ni The Fourth Estate, wa 2017 yenyewe. Jina ni la vyombo vya habari, mhimili wa nne, lakini tunachoonyeshwa ni watu waliopanda mti kuutazama mkutano. Jukwaa silo kiini cha picha. Aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kampeni ameuona mti wa namna hiyo, umejaa vijana mpaka matawi yanalalamika, na ameogopa kwa niaba yao. Uamuzi wa kiufundi ni kuwapa hao nafasi ambayo kwa kawaida hupewa mhutubu. Umbo lenyewe amelikopa kwa Francisco Goya, Mhispania, ambaye katika mfululizo wake wa Disparates, uliochapishwa 1864 baada ya kifo chake, alichora kundi la watu waliokaa juu ya tawi kavu. Goya aliyafanya hayo baada ya vita na ukandamizaji nchini mwake. Tawi la Goya halina majani wala ardhi chini yake. La Armitage lina rangi za mavazi ya Nairobi na uhai mwingi, lakini swali la litabeba hadi lini ni lilelile.

Kukopa huku kumewakera wengine, na naelewa kwa nini. Mchoro wake wa 2015, #mydressmychoice, unatokana na mwanamke aliyevuliwa nguo hadharani Nairobi mwezi Novemba 2014 huku simu zikirekodi. Armitage alimlaza kama Venus wa mchoraji Velázquez, mgongo ukitutazama, akamzungushia miguu ya wanaume. Je, ni haki kumfanya mhanga awe mrembo wa Kihispania? Kwa maoni yangu hesabu inakubali, kwa sababu ya ile miguu. Katika jumba la sanaa sote tumefundishwa kusimama mbele ya mwanamke aliyelala na kumtazama kwa utulivu, na tukifanya hivyo hapa tunakuta tayari tumeingia kwenye duara la waliomzunguka.

Wala mbinu hii ya kukopa maumbo ya Ulaya haikuanza naye. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alichora kuta za kanisa la Murang'a miaka ya 1950, kanisa lililojengwa kukumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Alichukua Kuzaliwa na Kusulubiwa, maumbo yaliyotumika Ulaya kwa karne nyingi, akayashusha kwenye vilima vya Wakikuyu na kumpa Yesu ngozi nyeusi. Hali ya hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa bado haijaondolewa.

Jambo hilo Armitage analijua, na limeingia katika mpangilio wa maonyesho. Paradise Edict ilifunguliwa Haus der Kunst, Munich, Septemba 2020, katika jengo lililofunguliwa na Wanazi mwaka 1937 kuonyesha sanaa waliyoipenda wao. Ilipofika Royal Academy, London, Mei 2021, michoro yake mikubwa 15 iliwekwa pamoja na kazi 31 za wasanii sita wa Afrika Mashariki: Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Asaph Ng'ethe Macua, Meek Gichugu na Sane Wadu. Angalia uwiano. Wakubwa hao walipewa idadi mara mbili ya kazi za mwenye maonyesho. Mtazamaji aliyekuja akidhani Armitage ni mtoto wa Goya aliondoka akijua ana wazazi wengine: ng'ombe wa Katarikawe wenye rangi za ndoto, wanyama wa Musoke wanaoyeyuka kwenye rangi nyepesi kama vile Armitage anavyoyeyusha watu wake.

Udhaifu ni wa jiografia. Michoro ya Uhuru Park ilitazamwa Venice, Munich na London. Munich nako majumba ya sanaa yalifungwa kwa sababu ya Uviko mwezi Novemba, kabla maonyesho hayajamaliza muda wake. Armitage alijibu kwa kujenga: mwaka 2020 alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute, na mwaka 2022 ukumbi wake ulifunguliwa kwa maonyesho ya Sane Wadu, mwalimu wa shule aliyeacha chaki akashika brashi. Mwanzilishi hakujitundika mwenyewe kwanza, na hilo nalihesabu kuwa uamuzi bora wa usimamizi katika kazi yake yote. Ukumbi wenyewe uko ndani ya Rosslyn Riviera Mall, barabara ya Limuru, upande wa jiji wenye balozi na nyua ndefu. Kijana aliyekuwa juu ya mti Uhuru Park anaweza kufika kwa matatu, lakini kwanza lazima ajue kwamba mlango ule wa duka unamhusu.