Jengo Linalosali na Watu

Kabla padre hajafanya ishara ya msalaba, jengo limekwisha kusema. Limemwelekeza muumini akae wapi, aangalie nini, na limemjulisha kama yeye ni mshiriki wa ibada au mtazamaji tu. Ndiyo maana naiheshimu kazi ya kujenga makanisa: ni ufundi unaoitangulia sala na kuichukua mabegani.

Hapo zamani altare ilibanwa ukutani, padre akawapa watu kisogo. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia, ukataka makanisa mapya yafae ibada na yawawezeshe waumini kushiriki kikamilifu. Mwaka uliofuata Roma ikashauri altare kuu itengwe na ukuta, ili padre aweze kuizunguka na kuwaelekea watu. Maneno hayo yaliandikwa na maaskofu, lakini kuyapa mwili ilikuwa kazi ya wachoraji ramani na waashi.

Namugongo, Uganda, kazi hiyo ilifanywa vyema. Mahali alipochomwa shahidi Karoli Lwanga tarehe 3 Juni 1886, Mswisi Justus Dahinden alisanifu kanisa lililotabarukiwa mwaka 1975. Umbo lake ni la nyumba ya jadi ya Kiganda, na nguzo zake ni 22, idadi ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda. Ndani, watu wanakaa wakiizunguka altare. Hujaji akiinua macho haoni visogo pekee, anaona nyuso za wenzake wanaosali, na hapo anatambua kwamba Kanisa ni watu.

Somo hilo linaihusu Karungu, huku ufukweni mwa Ziwa Viktoria, katika Jimbo la Homa Bay, Kenya. Jua la huku halina huruma, na kanisa la mabati lisilo na dari wala matundu ya juu hugeuka tanuri kabla ya mahubiri kwisha. Mvua ikinyesha, bati humeza somo la Injili na sauti za kwaya. Maandamano ya matoleo huja kwa ngoma na kucheza, kwa hiyo njia ya katikati ikiwa nyembamba, furaha hukwama mlangoni. Na mahali penye Hospitali ya Misheni ya St. Camillus, mlango wenye ngazi bila mteremko wa kiti cha magurudumu unamfungia nje mgonjwa ambaye Injili inamwita kwanza.

Basi, enyi kamati za ujenzi, kabla ya kuitisha harambee, mketisheni mchoraji ramani katika Misa ya Jumapili, asikie joto, ngoma na kikohozi cha wazee. Fedha zikipungua, mnara usubiri. Anzeni na dari, madirisha na mteremko, maana hivyo ndivyo vitakavyowasaidia watu kusali.